Kichekesho cha Msusi Kisifike Dubai

Maskati

Mwanangu Nassor,

“Mwenyewe alikuwepo, mwenyewe alicheka, sasa wewe unamlilia nini?” Ndivyo alivyoniuliza ami yako Said jana baada ya chakula, huku anachokoa meno, nilipodokeza, bila ya kutaja jina, kwamba zamani tulimwigiza mtu mbele yake naye akacheka, na wewe ukatikisa kichwa kumkubalia. Akaongeza: “Watu walicheka, wakenda zao kulala, asubuhi wakasahau. Kichekesho ndivyo kilivyo.” Nikaendelea kunywa kahawa yangu. Mama yako alinitazama kama anayetaka kunipima homa, maana katika nyumba hii hakuna aliyepata kuniona nikiiachia hoja ya ami yako ipite bila ya kuipiga.

Naipiga sasa. Ami yako hajui anachokisema, na hawezi kukijua, kwa sababu hajapata kusafiri na watu wa vichekesho. Kwamba asubuhi watu walisahau, hilo halijui yeye wala sikulijua mimi. Sisi asubuhi tulikuwa garini. Muda wote niliozunguka na kundi letu hakuna mji uliopata kutuona siku ya pili. Tulicheza usiku, jua likichomoza tumeshafunga sanduku. Kwa hivyo anaposema watu husahau anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyebaki kuliangalia. Na hilo la mwenyewe kucheka nitalifikia, kwa sababu humo ndimo nilimojificha miaka yote hii.

Habari za safari mama yako amekwisha kukwambia: maji, fulana ya baridi, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia kwa nini niliwataka nyinyi watatu, wewe na Hamdun na Khalfan, mnaokwenda kuchekesha Dubai, mkiondoe kichekesho cha Msusi, kisha nikakataa kueleza, tukagombana mpaka Hamdun akachukua viatu vyake akaenda zake.

Siku ile ulisema maneno ya haki. Ulisema, “Baba, hicho ndicho kinachotubeba. Vyengine vyote ni kusafisha koo. Watu wa Dubai wametwita kwa ajili yake.” Nikasema, “Nimesema kitoke.” Ukaniuliza, “Tangu lini wewe ukasema kitu bila ya kutoa hoja?”

Hoja nilikuwa nayo. Ila kuitoa kulitaka nijiaibishe mbele ya vijana watatu, nikashindwa. Mimi, niliyegombana na nusu ya wahariri wa Unguja kwa barua, niliyembishia jirani yetu shekhe mlangoni kwake kwamba kucheka si haramu mpaka akafunga mlango, nilishindwa kusema sentensi moja mbele ya mwanangu. Basi naiandika.

Unamkumbuka Bi Salma, yule mgeni aliyekuja kutoka Dubai kumwangalia mamake mgonjwa hapa Maskati, akapita kwetu kumwamkia mama yako. Nyinyi mlikuwa mnafanya mazoezi ukumbini. Mimi nilikuwa chumbani na magazeti yangu, mlango wazi. Hamdun kajifunga kanga anacheza mke, na Bi Salma akasimama kumtazama, anacheka.

“Mwambieni bi harusi huyo kanga haifungwi kama taulo la hospitali,” akasema.

Hamdun akamjibu kwa ile sauti yake ya kike: “Nifundishe wewe, shoga. Mume wangu hajui kunivisha, anajua kunisuka tu.”

Hapo wewe ukaingia na chanuo, na Bi Salma akaacha kucheka. Nyinyi hamkumwona, mlikuwa kazini. Alisimama na kikombe cha kahawa mkononi, anatazama. Ulipokivua kile kilemba, yakaonekana mabaka ya unga kichwani kwa Hamdun, na mama yako na wenziwe wakawa wanafutana machozi kwa kucheka, yeye aliweka kikombe chini.

“Hiki nani kawafundisha?”

“Baba yao,” mama yako akasema, na fahari juu. “Mwenyewe akikicheza zamani. Wete, Tanga, Mombasa, kote.”

Bi Salma akaja mlangoni kwangu. Hakuingia. “Sheikh,” akasema, “mimi ni mdogo wake Ghanima. Ghanima wa Masoud, wa Wete. Wako Dubai siku hizi. Nimekuja na salamu za shemegi yangu. Kasikia kwamba vijana wanakuja kucheza kule, kasema wasende hoteli, wafikie kwake. Kasema: ‘Baba yake Nassor alikuwa mgeni wangu, na mwanawe awe mgeni wangu.’”

Nassor, Bwana Masoud ndiye Msusi. Si mtu wa kubuni. Nyumba mtakayofikia ni yake, na mke wa kichekesho ndiye atakayewapikia.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nitaeleza bila ya kujipamba, na pale utakapoona najipamba, pakate.

Kundi letu lilikuwa la watu wanne na sanduku la bati. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Shaame, mtu wa Ng'ambo ya Unguja, mwembamba, hodari kuliko wachekeshaji wote niliowaona tangu hapo. Tulizunguka Unguja na Pemba, tukavuka kwenda Tanga, tukapanda mpaka Mombasa, tukarudi, tukaanza tena. Wewe umesikia kwangu raha zake tu. Sikukusimulia kulala darasani juu ya madawati yaliyounganishwa, wala nguo za kike zinazonuka jasho la jana na ndizo unazozivaa leo, wala namna watu wanne wanaochekesha mji mzima wanavyoweza kukaa wiki nzima hawasemeshani kwa sababu mmoja kachekwa zaidi. Tulikuwa tukichekesha usiku na kununiana mchana. Shaame alikuwa akisikiliza kicheko cha kila mmoja wetu kama mwenye duka anavyotazama mizani.

Mara moja, Pangani, tulicheza na hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Walikaa wakatutazama mpaka mwisho wakanyanyuka kwa adabu. Asubuhi garini dereva akatwambia kwamba mji ulikuwa umezika watu wa chombo kilichozama, na walikuja kwa kuwa walikwisha kumwahidi mwenye ukumbi.  Tangu siku hiyo Shaame akaamua kwamba hatutaingia mji kabla ya mmoja wetu kutangulia kuuonja. Ndivyo tulivyouita, kuonja mji, na muonjaji nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma na watu walinifungulia milango.

Kichekesho chetu kilikuwa kimoja tu: mume, mke, na jirani mdaku. Kila mji kilekile. Ila katikati tuliacha pengo, na katika pengo tulimtia mtu wa mji ule, mwendo wake, kikohozi chake, jambo lake. Watu walidhani sisi mashetani. Kumbe mimi nilikuwa nimetangulia siku chache, nimekaa kwa kinyozi, nimekaa barazani kwa muuza kahawa, na juu ya yote nimefikia nyumbani kwa mtu. Shaame alisisitiza hapo. “Usilale hoteli,” akiniambia. “Hoteli watu wanakuja wamekwisha kufunga vifungo.” Mimi nilicheka na nikaona ni ujanja wa kazi. Sikusimama hata mara moja nikajiuliza kazi gani hiyo, ya kula chakula cha mtu ili kumtafuta pa kumshika.

Wete nilifikia kwa Bwana Masoud. Alikuwa karani katika ghala la karafuu, kijana bado, mtu wa kusoma, na alinichukua kwa sababu alikuwa amesoma barua zangu gazetini na hakubaliani nazo. Alinipa kitanda chake cha ukumbini, yeye akalala ndani juu ya mkeka. Kila jioni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Nilimpenda, Nassor. Sikumwonja kwa chuki. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi kueleza.

Mchana mmoja niliamka na kiu nikaenda uani kutafuta maji. Bi Ghanima alikuwa amekaa juu ya kigoda, kanipa mgongo, na mumewe nyuma yake na chanuo na kibakuli cha mafuta ya nazi. Alikuwa anamsuka. Kichwa cha yule mama kilikuwa na mabaka matupu, makubwa, mahali nywele zilipotoka na ugonjwa zisirudi. Bwana Masoud alikuwa akizichukua zilizobaki, akizilaza juu ya palipo wazi, akizifunga chini, kwa namna ambayo ukimtazama mkewe kwa mbele huoni kitu. Alikuwa fundi. Alikuwa akimsimulia jambo la ghalani na yeye akicheka kidogo kidogo, kichwa kimetulia.

Aligeuka akaniona. Hakukasirika. Aliumaliza mstari aliokuwa nao, kisha akanifuata ukumbini na gilasi ya maji.

“Aliugua,” akasema. “Hataki wanawake wenziwe waone. Hata ndugu zake hajawaambia. Basi nimejifunza mimi.”

Nikasema Mungu amponye.

“Haya ya nyumbani, sheikh.”

“Hata usiseme,” nikamwambia.

Na Shaame alipofika na wenzetu, nilimwambia kabla hajashusha sanduku.

Wewe unakijua kichekesho, huna haja nikueleze. Mimi ndiye niliyecheza mke. Mimi ndiye niliyefikiria unga wa muhogo kichwani, na mimi ndiye niliyesema kilemba kivuliwe mwisho, ghafla, na mume apigwe chanuo. Shaame alicheza mume, na alikuwa amemwona Bwana Masoud kwa muda wa kupeana mikono tu, lakini alitoka na bega lake, na kofia yake iliyoinama, na ile tabia yake ya kujisafisha koo kabla ya kupinga jambo. Ukumbi wa skuli ulikuwa umejaa, taa mbili za karabai mbele, wanaume huku, wanawake kule nyuma ya pazia. Waliomtambua mwanzo walikuwa wanawake. Kicheko kilitoka upande ule kwanza, kikapanda, kikaja kwa wanaume. Nimesikia vicheko vingi. Kile sijakisikia tena, na nilikitafuta kila mji baada ya hapo, tukikirudia kichekesho kilekile.

Bi Ghanima alikuwa nyuma ya pazia lile. Mimi nilijua kuwa yuko. Alikuwa ametoka nyumbani pamoja nasi.

Nikwambie na hili, kwa sababu umenisikia barazani nikijisifu kwamba mchekeshaji ndiye anayewaambia wakubwa yale ambayo wengine hawathubutu. Nimelisema mara nyingi na nimewanyamazisha wengi kwalo. Usiku ule Mudiri, mkubwa wa serikali pale Wete, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Tulikuwa na mzaha juu yake, mzuri, na Shaame aliuondoa mchana. “Huyu ndiye anayetoa ruhusa ya ukumbi,” akasema, na hakuna aliyebisha. Mimi sikubisha. Mudiri alikaa akacheka mpaka akavua miwani, akimcheka karani wa ghala anayemsuka mkewe mgonjwa. Hao ndio wakubwa tuliowasema. Basi kila uliponisikia nikitoa hotuba ile, ulikuwa unamsikia mwongo.

Sasa nimrudie ami yako. Ni kweli, Bwana Masoud alicheka. Alikaa safu ya pili akacheka mpaka mwisho, akapiga makofi. Asubuhi alikuja mwenyewe na mkate wa kumimina na birika la chai, akatwambia tumecheza vizuri, akalibeba begi langu mpaka garini. Nikaichukua chai ile nikaifanya ushahidi. Miaka yote, kila moyo uliponiuma, nilijiambia: mbona alileta chai?

Jibu nililipata hapa Maskati, na bado sikulisoma. Tulipofika mwaka wa sitini na nne, Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni. Nikenda sukuni, soko la Mutrah, kununua sukari, mwenye duka akawaita wenziwe: njooni mumsikie huyu Mzanzibari anavyoomba sukari. Wakaja. Akaniomba niseme tena. Nikasema tena, na nilicheka nao, Nassor. Nilicheka kuliko wao. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba watu wa suku wachangamfu sana. Baada ya hapo nikaanza kukutuma wewe, ukawa unalalamika kwa nini kila siku wewe, nami nikakukaripia kwamba mtoto hajui kutumwa. Sasa umejua kwa nini. Mtu aliyezungukwa hacheki kwa sababu amefurahi. Hana pengine pa kwenda. Angefanya nini Bwana Masoud mbele ya mji wake mzima? Angenyanyuka, akasema ni mimi? Angeliachia begi langu chini, wakati mimi ni mgeni wake bado? Alimaliza ugeni wangu kama inavyotakiwa, mpaka mlango wa gari. Mimi ndiye niliyeuvunja tangu jana yake.

Na katika miezi ileile ya sukari, jioni, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie maana nyakati zile za Sultani aliyepita hata kuimba kulikuwa na hatari, nilikuwa nakufunza wewe kichekesho cha Msusi. Ulikuwa mdogo, umehuzunika kwa kuhama, hucheki. Nikavaa kanga ya mama yako. Ukacheka, na mama yako akalia kwa kukuona unacheka. Hiyo nayo ni kweli na siwezi kuifuta. Lakini ningeweza kukufunza kitu chengine. Nilikuwa na watu wa miji tele wa kulijaza pengo lile. Nilichagua kile kwa sababu ndicho kilichonipa kicheko kikubwa kuliko vyote maishani mwangu, na nilitaka nikisikie tena, hata kama kutoka kwa mtoto mmoja.

Bi Salma alinieleza yaliyotokea baada ya gari letu kuondoka. Alieleza taratibu, amesimama palepale mlangoni, hakunitukana. Jina la Msusi lilimfuata Bwana Masoud mpaka ghalani. Wachukuzi walimwinamishia vichwa: “Fundi, nina harusi kesho.” Akaacha kwenda barazani jioni, yeye aliyekuwa hali mpaka abishane. Bi Ghanima alikaa ndani muda, kisha akashauriwa na nduguze asijifungie, akenda kwenye harusi ya jamaa. Kule mwanamke mmoja akaja nyuma yake akauvuta mtandio, aone kama ni kweli. Akarudi nyumbani akamwambia mumewe azinyoe zote. Akamnyoa yeye, kwa mikono ileile. Mpaka leo, Bi Salma alisema, kila zikianza kuota anamwita azinyoe.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, mwanangu. Wete nilikuwa kijana mpumbavu mwenye uroho wa kuchekwa. Lakini wiki hii mimi ni mtu mzima, nimesoma, nimehama, nimechekwa. Nimesimama mbele ya yule mama, ananieleza dada yake alivyonyolewa, na fikra yangu ya kwanza, kabla ya huruma, kabla ya toba, ilikuwa kwamba kichekesho chetu siku zote kilikuwa hakina mwisho mzuri, na mwisho wenyewe ndio huo. Nilimwona Hamdun amekaa chini, na wewe na wembe, na ukumbi kimya. Nikaona hata taa ikae wapi. Ilipita haraka. Ila ilipita kwanza, na Bi Salma alikuwa ananitazama usoni, na nadhani aliiona.

Akasema, “Mimi Dubai sitosema kitu. Nyinyi mnajua mtakachokifanya.” Akaenda kumuaga mama yako.

Ndiyo maana sikuweza kukujibu. Si kwamba nimekuwa mcha Mungu ghafla, kama alivyonong'ona Khalfan. Nilimsikia, mwambie. Wala sikwambii uache kazi hii. Ningetaka kukuzuia ningejua namna. Mimi nimefurahi kwamba nyakati zimegeuka, kwamba unaweza kupita lango la mji jioni na ngoma begani na hakuna askari wa kukuuliza. Nimengoja hilo tangu tufike. Nyinyi watatu mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, hamnuniani. Lakini maisha utakayoingia yana hila yake, na hakuna atakayekwambia kwa sababu kila aliyemo anafaidika nayo. Utakuwa mgeni kila mahali. Watu watakufungulia, watakusemesha mambo ambayo hawamwambii jirani, kwa kuwa wewe unaondoka. Na wewe utayasikia kwa masikio mawili, moja la mtu na moja la mchekeshaji, na la pili litakua kila siku lisipotazamwa, mpaka ufike nilipofika mimi. Sijui namna ya kuliondoa. Ningejua ningelikata langu.

Najua utakalosema. Utasema, tubadilishe. Tuitoe Wete, tuitoe kofia, mume awe Mhindi, awe mtu wa Sur. Usinidanganye na usijidanganye. Waliokimbilia Dubai nusu yao ni watu wa Wete na Chake, watamjua kwa mstari wa kwanza. Na hata mbele ya watu wasiomjua, kinachochekesha pale si mume kusuka. Ni kilemba kinapovuliwa. Ni mwanamke anayeonekana alichokificha. Mimi ndiye niliyekitengeneza, najua kimewekwa wapi.

Utasema pia kwamba bila ya hicho mna pengo. Ni kweli, mna pengo. Nitieni mimi. Nakupa ruhusa, kwa jina langu na la babu yako. Kuna mtu Maskati anayegombana na redio mpaka akaizima kwa hasira kisha akaenda kwa jirani kusikiliza majibu yake. Ana mwendo, ana kikohozi, ana namna ya kuinua kidole ambayo Khalfan anaiiga nikigeuka, na anaiiga vizuri. Anamtuma mwanawe sukari kwa kuogopa muuza duka. Anajua kila kitu na hawezi kusema samahani mpaka aandike karatasi nzima. Watu wa Dubai wananijua, watacheka. Hapo mtakuwa na mtu aliyewapa mwenyewe.

Najua pia utauliza kwa nini siendi mwenyewe kwa Bwana Masoud. Nimemwambia mama yako hati yangu ya kusafiria haijatoka. Ni kweli haijatoka. Na ni kweli vilevile kwamba sijapata kwenda kuiulizia. Nitakwenda wiki hii. Kwa hivyo sikutumi uniombee radhi. Hiyo ni yangu, na nitaibeba mwenyewe kwa miguu yangu, apende kunipokea asipende. Sentensi hii nimeiacha kama ilivyo ili unishike nayo.

Sasa nasema nanyi nyote, wewe Nassor, na wewe Hamdun, na wewe Khalfan, na nataka barua hii isomwe kwa sauti kabla gari halijatoka Mutrah. Kichekesho cha Msusi kiondoeni. Kisichezwe Dubai, Doha, Bahrain, Kuwait wala popote mtakapokwenda, na atakayewaomba mkicheze mwambieni aliyekitunga amekirudisha kwake. Fikieni kwa Bwana Masoud, maana amewaita, na kukataa itakuwa kumwaibisha mara ya pili. Na wewe Nassor, kabla hujanawa mikono kwa chakula chake, mwambie kichekesho kile ulikifundishwa na mimi, umekicheza, na hutakicheza tena. Mwambie wewe, asisikie kwa mtu. Akinyamaza, nyamaza. Akinitukana, msikilize mpaka amalize, wala usinitetee.

Baba yako